Mac katika kampuni ya iPhone: imesahauliwa au bado inajaliwa?

Kila Septemba Apple inapozindua iPhone mpya, kuna watu wanaotazama uzinduzi hadi mwisho wakisubiri kitu kingine. Ni wahariri wa video, maprodyuza wa muziki, wapiga picha na waandishi wa programu, watu ambao riziki yao inatoka kwenye Mac. Simu ikipata kamera mpya na saa ikapata kioo kipya huku kompyuta haikutajwa hata mara moja, ubishi unaanza upya. Mmoja anasema Apple ilishazitupa kompyuta zake zamani. Mwingine anafungua MacBook yake na kuuliza kama kitu kilichotupwa hufanya kazi namna hii. Wote wawili wana ushahidi mkononi, na ndiyo maana ubishi wenyewe hauishi.

Niseme mapema ninavyoona. Kuanzia 2013 hadi 2019 Apple iliipuuza Mac, na waliolalamika hawakuwa watu wa kudeka. Tangu mwishoni mwa 2020 imeihudumia vizuri kuliko miaka mingi iliyotangulia. Lakini huduma hiyo haigawanywi sawa: kompyuta mpakato hupewa kwanza, ya mezani iliyo ndogo hufuata, na ile kubwa ya wataalamu ilipata kilichobaki. Anayeuliza kama Apple inaijali Mac kwa jumla hatapata jibu la kumsaidia. Inabidi aulize Mac ipi.

Tuanze na majina, maana wengi hukwama hapo. Mac ni jina la ukoo mzima wa kompyuta za Apple, ukoo ulioanza Januari 1984 na Macintosh ya kwanza. Za kupakata zinazojulikana zaidi ni MacBook Air, nyepesi na ya watu wengi, na MacBook Pro, nzito kidogo na yenye nguvu zaidi. Za mezani ni iMac, ambayo kioo na kompyuta ni kitu kimoja. Mac mini, kisanduku kidogo unachokiunganisha na kioo chako mwenyewe. Mac Studio, kisanduku cha aina hiyo hiyo lakini chenye nguvu nyingi. Na Mac Pro, boksi kubwa lililotengenezwa kwa ajili ya wataalamu wa filamu, sauti na sayansi. Mfumo endeshi wa zote huitwa macOS. Na tutakaposema chipu, tunamaanisha kile kipande cha silikoni kinachofanya hesabu zote ndani ya mashine. Chipu ndiyo inayoamua kasi, joto na muda wa betri.

Hoja inayorudiwa zaidi na wanaosema Mac imetupwa ni ya pesa. Inakwenda hivi: Apple ni kampuni ya simu, Mac ni sehemu ndogo ya mapato yake, na kampuni haiwezi kuhangaikia sehemu ndogo. Takwimu zinazotajwa ni za kweli. Katika mwaka wa fedha wa 2006, mwaka wa mwisho kabla iPhone haijatangazwa, Apple iliingiza takribani dola bilioni 19.3, na Mac peke yake ilileta kama bilioni 7.4. Hiyo ni karibu asilimia 38. Katika mwaka wa fedha wa 2024 mapato yote yalifika dola bilioni 391. iPhone ilileta bilioni 201, huduma kama vile duka la programu, muziki na hifadhi ya mtandaoni zikaleta bilioni 96, na Mac ikaleta karibu bilioni 30. Mwaka huo ilikuwa chini ya asilimia 8.

Zitazame tena takwimu hizo. Kutoka bilioni 7.4 hadi bilioni 30 ni kukua mara nne. Mac haikuporomoka, vingine ndivyo vilivyopanda juu yake. Mwaka huo huo wa 2024 Mac iliingiza zaidi ya iPad, ambayo ilileta kama bilioni 26.7, na bado sijasikia watu wakisema iPad imetupwa. Biashara ya dola bilioni 30 kwa mwaka, kama ingesimama peke yake, ingekuwa moja ya kampuni kubwa za kompyuta duniani. Kwa idadi ya kompyuta zinazouzwa, Apple kwa miaka mingi imekuwa nafasi ya nne, nyuma ya Lenovo, HP na Dell, na huuza kwa bei ya juu kuliko wenzake. Hakuna bodi ya wakurugenzi inayolitupa duka kama hilo.

Kuna sababu nyingine ambayo haimo kwenye jedwali la mapato, nayo naiona ndiyo nzito zaidi. Programu za iPhone hutengenezwa kwa Xcode, zana ya Apple ya waandishi wa programu, na Xcode hufanya kazi kwenye Mac tu. Kijana wa Nairobi au Dar es Salaam anayetaka kuweka programu yake kwenye duka la iPhone atafika mahali ambapo lazima apate Mac, yake au ya kukodi kwa njia ya mtandao. Benki, kampuni za usafiri wa teksi, watengenezaji wa michezo, wote hupita mlango huo. Wahandisi wa Apple nao huandika mfumo wa iPhone wakiwa wameketi mbele ya Mac. Zile bilioni 201 za simu na sehemu kubwa ya bilioni 96 za huduma zinasimama juu ya kompyuta hii inayoitwa ndogo. Apple ikiiua Mac bila kujenga mbadala wa Xcode, itakuwa imewanyang'anya zana watu wanaoijaza iPhone yake programu.

Kwa hiyo pesa haielezi kwa nini Mac iliwahi kupuuzwa. Kinachoeleza ni muda wa wahandisi, na hapa ndipo wengi hawatazami.

Kampuni nyingi kubwa hugawanyika kwa bidhaa: kuna idara ya simu yenye mkuu wake, wahandisi wake na bajeti yake, na idara ya kompyuta yenye vyake. Apple haiko hivyo. Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wake, aliporudi mwaka 1997 aliwaondoa wakuu wa vitengo vya bidhaa na kuiweka kampuni nzima chini ya hesabu moja ya faida na hasara. Tangu hapo Apple imegawanyika kwa ujuzi: wahandisi wa programu wako pamoja, wahandisi wa vifaa pamoja, watu wa chipu pamoja, na kila kundi linahudumia bidhaa zote. Hakuna bosi wa Mac anayelala akiiwaza Mac peke yake.

Mfikirie fundi cherehani hodari mwenye karakana moja. Kila Januari wazazi wanamletea sare za shule, nyingi, na tarehe ya kufungua shule haisogei. Wewe ulimpelekea kitambaa cha suti Desemba. Fundi hakuchukii, na suti yako ina pesa nzuri kuliko sare moja. Lakini mikono ni ile ile, na sare zina tarehe. Suti itasubiri Februari, na Februari nayo ikija na jambo lake, itasubiri Machi. Kwa Apple, iPhone ndiyo yenye tarehe: lazima itoke kila mwaka kabla ya msimu wa Krismasi. Mac haina tarehe hiyo, kwa hiyo Mac ndiyo inayosubiri.

Hili Apple yenyewe ililisema waziwazi mwaka 2007. Toleo la mfumo wa Mac lililoitwa Leopard lilikuwa litoke Juni. Mwezi Aprili kampuni ikatangaza kwamba litachelewa hadi Oktoba, kwa sababu imelazimika kuazima wahandisi muhimu kutoka timu ya mfumo wa Mac ili waimalize iPhone ya kwanza. Januari ya mwaka huo huo ilikuwa imeliondoa neno Computer kwenye jina lake rasmi. Alama zote zilikuwepo tangu siku ile, ila wakati huo Mac zilikuwa zikitoka nyingi na nzuri, na watu hawakuona sababu ya kuogopa.

Hofu ilikuja baadaye, na ilikuwa na msingi. Desemba 2013 Apple ilianza kuuza Mac Pro mpya yenye umbo la silinda nyeusi. Ilikuwa kitu kizuri kukitazama. Ndani yake kulikuwa na nguzo moja ya pembe tatu ya kupoza joto, na vifaa vikuu vimepangwa kuizunguka, ikiwemo kadi mbili za picha, yaani vifaa vinavyofanya hesabu za kuchora picha kwenye kioo. Wabunifu walikuwa wamekisia kwamba kazi nzito za wakati ujao zitagawanywa kati ya kadi mbili za kiasi. Soko likaenda kwingine: wataalamu wakataka kadi moja kubwa, yenye nguvu na yenye joto kali, na kadi ya namna hiyo haikuweza kupozwa ndani ya silinda ile. Mashine ikawa imejifungia. Haikupanuliwa wala haikubadilishwa, ikaendelea kuuzwa hadi 2019 ikiwa kimsingi ni ile ile ya 2013. Mtu aliyeendesha studio ya filamu mwaka 2018 aliuziwa kwa maelfu ya dola kompyuta yenye umri wa miaka mitano kana kwamba ni mpya.

Mac mini nayo ilitolewa Oktoba 2014, ikakaa miaka minne bila kuguswa, hadi Oktoba 2018. Hapa kuna utetezi unaosikika sana kwamba kosa ni la Intel, kampuni iliyokuwa ikiiuzia Apple chipu za Mac tangu 2006. Utetezi huo una ukweli nusu. Intel walichelewa kweli, kwa miaka kadhaa, kupunguza ukubwa wa vijisehemu vya chipu zao kama walivyoahidi, na MacBook ziliumia kwa joto na betri. Lakini kati ya 2014 na 2018 Intel walitoa vizazi kadhaa vya chipu ambavyo HP, Dell na wengine walivitia kwenye kompyuta zao. Mac mini haikupata hata kimoja. Kuchelewa kwa Intel hakuelezi miaka minne ya kimya.

Na kompyuta mpakato, kipenzi cha kampuni, haikusalimika. Kuanzia 2015 Apple ilitia kwenye MacBook kibodi ya aina mpya, iliyoitwa ya kipepeo kwa jinsi vipande viwili chini ya kila kitufe vilivyofunguka kama mabawa. Lengo lilikuwa wembamba. Vitufe vilishuka kidogo mno vinapobonyezwa, na punje ya vumbi ikiingia chini yake kitufe kiligoma au kiliandika herufi mara mbili. Kwa anayeishi mahali penye vumbi hilo si tatizo la nadra, ni suala la wiki. Kukitengeneza kitufe kimoja hakukuwezekana kirahisi, kwa sababu kibodi ilishikamana na sehemu yote ya juu ya kompyuta pamoja na betri iliyogundishwa, na fundi alilazimika kuvibadilisha vyote. Juni 2018 Apple ilianza mpango wa kutengeneza kibodi hizo bure kwa miaka minne tangu mashine iuzwe mara ya kwanza. Baadaye ikakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi ya wateja nchini Marekani. MacBook Pro ya 2016 iliondoa pia tundu la kadi ya kamera, tundu la HDMI la kuunganisha kioo cha nje na chaji ya sumaku, ikabakiza matundu ya USB ya aina moja na lile la vipokea sauti vya masikioni tu. Mpiga picha wa harusi akawa anatembea na mfuko wa viunganishi.

Hapa naomba tutenganishe mambo mawili ambayo ubishi huyachanganya. Mac mini iliyokaa miaka minne ni kupuuzwa: hakuna aliyeishughulikia. MacBook Pro ya 2016 si kupuuzwa. Watu wengi waliifanyia kazi kwa bidii, ila walikuwa wakijali wembamba kuliko kazi ya mtumiaji. Kampuni inaweza kukujali sana na ikakosea unachohitaji, na tiba ya kosa hilo si ile ile ya kusahauliwa.

Aprili 2017 likatokea jambo ambalo Apple hufanya kwa nadra sana. Iliwaita waandishi wachache makao yake makuu, na viongozi wake watatu, Phil Schiller wa masoko, Craig Federighi wa programu na John Ternus wa vifaa, wakakaa nao mezani. Wakakiri kwamba Mac Pro ya silinda ilikuwa kosa la ubunifu, kwamba joto liliwafungia njia, na kwamba mashine mpya inakuja lakini si mwaka ule. Schiller akawaomba radhi wataalamu kwa kusubirishwa. Katika mazungumzo hayo hayo ikatajwa takwimu ninayoiona kuwa ufunguo wa suala zima: takribani Mac nne kati ya kila tano zilizouzwa zilikuwa za kupakata, na Mac Pro haikufika hata asilimia kumi ya zote. Sasa linganisha mgawo huo na mgawo wa muda wa wahandisi. Kwa ninavyoona, unafanana.

Ahadi ilitimizwa Desemba 2019. Mac Pro mpya ilikuwa boksi refu la chuma lenye nafasi ya kadi za kuongeza, bei ikianzia dola 5,999. Mwezi mmoja kabla, MacBook Pro ya inchi 16 ilirudisha kibodi ya zamani inayofanya kazi. Miaka sita ilipita kati ya silinda na boksi.

Kilichogeuza mambo zaidi kilitoka kule kule kulikoinyang'anya Mac wahandisi, yaani kwenye simu. Mwaka 2008 Apple ilinunua kampuni ndogo ya chipu iitwayo P.A. Semi kwa dola milioni 278. Mwaka 2010 ikatoa chipu ya kwanza iliyobeba jina lake, A4, ndani ya iPad na iPhone 4. Kwa miaka kumi timu iliyoongozwa na Johny Srouji ikawa inaboresha chipu za simu kila mwaka, kila mwaka bila kuruka, kwa sababu simu ina tarehe. Chipu ya simu huzaliwa kwenye shida: betri ni ndogo, feni hakuna, joto halina pa kwenda. Fundi aliyejifunza kupata kasi katika hali hiyo, ukimpa nafasi na betri ya kompyuta mpakato, anakuwa amepewa uwanja mpana.

Novemba 2020 zikatoka Mac za kwanza zenye chipu ya Apple, M1: MacBook Air, MacBook Pro ndogo na Mac mini. MacBook Air ya mwanzoni mwa mwaka ule, yenye chipu ya Intel, ilikuwa na feni na ilichemka. Ile ya Novemba haikuwa na feni kabisa, ilikuwa na kasi zaidi, betri yake ilikaa siku nzima ya kazi, na bei ilibaki dola 999. Waliohariri video walishangaa, na mimi naamini walikuwa na haki ya kushangaa, kwa sababu kompyuta mpakato ya bei ya chini kabisa katika ukoo ilianza kuzishinda baadhi ya zile za bei ya mara mbili. Mapato ya Mac yakapanda kutoka bilioni 28.6 mwaka wa fedha wa 2020 hadi bilioni 40 mwaka 2022. Si chipu peke yake. Ule ulikuwa pia wakati wa korona, watu wakifanyia kazi nyumbani. Mwaka 2023 yalishuka hadi bilioni 29, kisha yakaanza kupanda tena.

Oktoba 2021 MacBook Pro zikarudishiwa tundu la HDMI, tundu la kadi ya kamera na chaji ya sumaku, na zikawa nene kidogo. Kwangu hiyo ni alama kubwa kuliko M1 yenyewe. Chipu ya kasi kila kampuni inaitaka. Kurudisha tundu ulilolitoa miaka mitano nyuma kwa mbwembwe ni kukubali kwamba wateja waliolalamika walikuwa sahihi.

Tangu hapo MacBook Air imepata M2 mwaka 2022, M3 mwaka 2024 na M4 Machi 2025. Mac mini iliyosahauliwa ile ilitengenezwa upya Oktoba 2024 kwa umbo dogo zaidi, ikiwa na M4 na kumbukumbu (RAM) ya gigabaiti 16 kwa dola 599. Ukitafuta ushahidi wa kujaliwa, tarehe hizo zinatosha. Matangazo hayatoi ushahidi, na maneno ya wakurugenzi hayatoi ushahidi. Tarehe ya mashine ya mwisho na ya kabla yake ndizo zinazosema.

Tumia kipimo hicho hicho upande wa pili. iMac ya inchi 27, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mashine ya ofisi za ubunifu, iliondolewa sokoni Machi 2022, na ikabaki ile ya inchi 24 tu. Mac Pro ilipata chipu ya Apple Juni 2023, ya mwisho katika ukoo, ikianzia dola 6,999. Ndani yake mlikuwa na chipu ya M2 Ultra, chipu ile ile iliyokuwa kwenye Mac Studio ya dola 3,999. Nafasi za kadi zilikuwepo, lakini haikukubali kadi za picha za nje, na kumbukumbu yake iliishia gigabaiti 192 wakati ile ya Intel ya 2019 ilifika terabaiti 1.5. Machi 2025 Mac Studio ikapewa M3 Ultra, Mac Pro ikabaki na M2 Ultra yake. Kisanduku kidogo kikaipita boksi kubwa. Mtu akikuambia Apple haiijali Mac na ukagundua anazungumzia Mac Pro, mpe haki yake.

Kuna imani nyingine inayofaa kuguswa, kwamba iPad ndiyo iliyopangwa kuirithi Mac. Mwaka 2010 Steve Jobs alifananisha kompyuta na malori: nchi ilipokuwa ya wakulima magari yote yalikuwa malori, watu walipohamia mijini wakataka magari madogo, na malori yakabaki kwa wachache wanaoyahitaji. Wengi walisikia hukumu ya kifo. Alichosema ni kwamba malori yatabaki. Miaka mitano baadaye Tim Cook, mkuu wa Apple wakati huo, alijiuliza hadharani, akiinadi iPad Pro, kwa nini mtu anunue tena kompyuta, na hofu ikaongezeka. Mapato niliyoyataja juu yamejibu. Isitoshe, chipu ya M sasa imo ndani ya iPad pia, kwa hiyo kazi inayofanywa kwa moja inaifaa nyingine. Zimeacha kugombea mikono ya wahandisi kama zamani.

Faida hiyo ina gharama yake, na muuzaji hatakuambia. Katika Mac za chipu ya Apple, kumbukumbu imefungwa pamoja na chipu. Huwezi kununua yenye gigabaiti 8 leo ukaongeza nyingine ukipata pesa mwakani, kama ilivyowezekana kwenye Mac za zamani. Hadi Oktoba 2024 Apple iliendelea kuuza MacBook zenye gigabaiti 8 kama kiwango cha chini, na mtumiaji wa programu nzito atauona upungufu huo kwa miaka yote atakayokuwa na mashine. Anayenunua achague kumbukumbu siku ya kwanza.

Na yupo mtumiaji ambaye hesabu za Apple hazimwoni kabisa, anayenunua mashine iliyokwisha kutumika. Afrika Mashariki huyo ndiye mtumiaji wa kawaida. Bara zima halina duka la Apple lenyewe, na Mac nyingi hufika mikononi mwetu zikiwa zimefanya kazi miaka kadhaa Ulaya, Marekani au Ghuba. Ule mpango wa kutengeneza kibodi bure kwa miaka minne ulishamalizika kwa mashine nyingi kabla hazijafika kwenye meza za maduka ya Kariakoo. Kwa mtu huyu, kujaliwa maana yake ni miaka mingapi mashine itaendelea kupokea matoleo mapya ya mfumo na viraka vya usalama.

Hapo Apple imefunga mlango wa Intel. Juni 2025 ilitangaza kwamba toleo la mfumo la mwaka huo, liitwalo Tahoe, ni la mwisho kwa Mac za Intel, na hata hilo linakubali chache tu: MacBook Pro ya inchi 16 ya 2019, MacBook Pro ya inchi 13 ya 2020 yenye matundu manne, iMac ya 2020 na Mac Pro ya 2019. Nyingine zote za Intel zimeishia matoleo ya nyuma. Mac mini ya Intel ya 2018 iliendelea kuuzwa mpya hadi Januari 2023, na Tahoe haikuikubali. Aliyeinunua siku za mwisho alipata chini ya miaka mitatu ya matoleo mapya. Kwa kampuni inayojivunia mashine zake kudumu, hilo siwezi kulitetea.

Si kwamba Mac ya Intel itazimika siku ile. Inaendelea kuwaka, kuandika, kuhariri na kucheza muziki, na matoleo ya mfumo hupokea viraka vya usalama kwa muda baada ya kupitwa. Kinachoisha polepole ni programu: kivinjari kitadai mfumo mpya zaidi, kisha programu ya kuhariri, kisha ile ya benki. Kwa bei inayolingana, MacBook Air ya M1 ya 2020 ina miaka mingi mbele yake kuliko MacBook Pro ya Intel ya 2019 iliyouzwa ghali mara mbili ilipotoka. MacBook za kati ya 2016 na katikati ya 2019 zenye kibodi ya kipepeo ziogope kwa ajili yake, hata muuzaji akikuonyesha vitufe vyote vikifanya kazi dukani.

Kabla ya kutoa pesa, fungua menyu yenye nembo ya Apple kwenye kona ya juu kushoto, uchague About This Mac, uone mwaka wa mashine, chipu na kumbukumbu. Kisha mwombe muuzaji aifute yote mbele yako na aiwashe upya ikiwa imeunganishwa na intaneti. Mac za miaka ya karibuni zinaweza kufungwa na akaunti ya mmiliki wa kwanza, au kubaki zimesajiliwa kwa kampuni iliyoziuza kwa mnada. Ikiomba nywila ya mtu usiyemjua, au ikisema inasimamiwa na shirika fulani, iache hapo hapo mezani, kwa sababu fundi wa mtaani hawezi kuifungua kwa njia halali na Apple haitaifungua bila risiti ya mwenyewe.